Mtoto Aliyekufa Bila Homa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, mguu umeuegemeza juu ya stuli kama ulivyoagizwa, na si kama ninavyokujua mimi, umeshauteremsha na kwenda kuwasimamia mafundi wa jirani wanaojenga ukuta usiokuhusu. Presha inaendeleaje? Mkwe wako, mke wa mdogo wangu, aliniambia kwamba vidonge unavibana shavuni mpaka ageuke, kisha unavitemea kwenye chungu cha maua. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe mpaka akasema. Mdogo wangu naye hajambo? Nasikia amepewa kazi ya kutengeneza madawati ya shule nzima. Mpe hongera zangu, na umwambie safari hii apime vizuri kabla ya kukata, maana ile meza aliyonitengenezea mpaka leo inachechemea.

Mimi sijambo, Baba. Nakula, natembea, kazini naenda. Ila moyo haujatulia. Jambo hili nimelizungusha kichwani muda mrefu nisijue niingilie wapi. Ningeweza kupiga simu, lakini tunajuana: ukisikia neno usilolipenda unasema mtandao unasumbua, na simu inakatika. Kwa hiyo nimeandika. Nakuomba uvae miwani, uisome peke yako kwanza, polepole, mpaka mwisho. Ukikasirika katikati, pumzika, kisha uendelee.

Unajua kwamba kazi yangu ni kupiga picha za ultrasaundi kwa akina mama wajawazito. Ulikuwa ukijisifu mtaani kwamba binti yako anawaona watu kabla hawajazaliwa. Sasa nimehamishwa. Nipo wodi ya watoto, upande ule wa nyuma wanakolazwa wenye utapiamlo. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya mashuka. Kioo cha dirisha kimepakwa rangi nyeupe, godoro limefunikwa plastiki iliyochanika pembeni, na mashine yangu ina gurudumu moja bovu, kwa hiyo naikinga kwa tofali isinikimbie. Ile jeli ya kupaka kifuani naiweka kwenye beseni la maji ya moto ili isiwashtue. Watoto wale hawana nyama ya kuwazuia baridi, Baba. Ukimgusa mmoja na kitu cha baridi hata kulia hawezi, anakukodolea macho tu.

Daktari wa wodi ni mwanamke mfupi, mkali, anayetafuna karanga kutoka mfukoni kutwa nzima. Siku ya kwanza aliniambia hataki nimtafutie ini wala figo. Anataka nimtafutie tezi moja iitwayo thaimasi, ambayo tangu nianze kazi hakuna aliyewahi kuniuliza habari zake. Ipo nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo. Kwa mtoto mwenye afya ni kubwa, imeufunika moyo kwa juu kama shali begani. Basi nikamlaza mtoto wa kwanza, nikaweka kichwa cha mashine kifuani, nikatafuta. Moyo nikauona, mishipa mikubwa nikaiona, tezi hakuna. Nikageuza vitufe, nikafuta kioo, nikaanza kuilaumu mashine. Daktari akaniambia mashine haina kosa, niangalie vizuri zaidi. Mwishowe nikaiona: utando mwembamba, kama ukoko uliobaki kwenye sufuria iliyokwisha kukwanguliwa.

Alinieleza siku ile ile, amesimama mlangoni, maana yeye si mtu wa kukaa. Alisema damu ina askari wanaopigana na maradhi. Wanapozaliwa hawajui lolote, hawamjui adui wala mwenyeji. Wanapelekwa kwenye tezi ile kufunzwa, na waliofuzu ndio wanaoachiwa kuingia mwilini kulinda. Mtoto akikosa chakula kwa muda, mwili unaanza kujila wenyewe ili uendelee kuishi. Unakula mafuta, unakula misuli, na tezi hiyo ni miongoni mwa vitu vya mwanzo kabisa kuliwa. Ni kama mtu anayeng'oa milango ya nyumba yake kupata kuni. Chungu kitachemka, ndiyo, lakini nyumba sasa iko wazi. Mafua yanaingia, kuharisha kunaingia, kidonda cha mguuni kinaingia, na hakuna wa kuyauliza yanakwenda wapi.

Kuna jambo jingine alilonieleza, nalo nakuomba ulishike. Alisema homa ni kelele za askari wakipigana. Mtoto ambaye askari wake wamekwisha, mara nyingi hapati homa hata ugonjwa ukimjaa kifua kizima. Anapoa. Anatulia. Mzazi anamshika paji la uso, anasema afadhali leo hana joto, kumbe ndiyo anaondoka. Kwa sababu hiyo kila mtoto anayeingia wodi hii anaanzishiwa dawa za kuua vijidudu siku hiyo hiyo, hata kipimajoto kiseme nini. Wauguzi wa hapa hawamwogopi mtoto wa moto. Wanamwogopa wa baridi.

Sasa nikupe habari za mtoto mmoja, ndipo utaelewa kwa nini nimeshika kalamu.

Aliletwa na bibi yake mzaa mama, kwa kuwa mama mwenyewe alifariki wakati wa kumzaa. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Mtoto alikuwa na umri wa kukimbia, lakini hata kukaa hakuweza bila kuegemezwa. Wauguzi walimpachika jina la Mheshimiwa kwa sababu alikuwa hacheki na mtu. Unamtania, yeye anakutazama kama anayesubiri umalize ili aikatae hoja. Bibi yake alikuwa akilala chini, ubavuni mwa kitanda. Alikuwa akimnywesha maziwa maalumu ya dawa yanayotolewa wodini kwa kijiko kidogo, na kila kijiko kilipopanda yeye mwenyewe alifungua mdomo, bila kujua.

Baada ya wiki kadhaa Mheshimiwa akaanza kubadilika. Mashavu yakajaa. Akasimama kwa kushika nguzo ya kitanda. Neno lake la kwanza pale wodini lilikuwa "toka", na alimwambia daktari, na wodi nzima ikaangua kicheko, daktari akiwa wa kwanza. Kila mtu alifurahi. Lakini kila nilipomlaza kitandani kwangu niliona kwamba uzito umepanda na tezi bado ni nyembamba. Daktari alisema ndivyo inavyokuwa: nyama inarudi mapema, askari wanachelewa sana. Mtoto anaonekana amepona, kumbe ndani bado hana mtu.

Ndipo baba yake akatokea, ametoka safari. Alikuja na viatu vyekundu ndani ya boksi. Alimbeba, akamrusha juu, na Mheshimiwa akacheka kwa mara ya kwanza mbele yetu. Usimfikirie vibaya mtu yule, Baba. Alimpenda mwanawe, na kwa kumpenda ndiyo maana alitaka kumchukua. Alisema mtoto mzima akilazwa na wagonjwa atapata ugonjwa, na kwamba kwake kuna mke, kuna chakula, kuna watoto wa dada yake wa kucheza naye. Bibi alimsihi asubiri. Daktari alimleta chumbani kwangu akaniambia nimwonyeshe. Nikamwonyesha. Aliutazama ule ukungu wa kijivu kwenye kioo, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, wewe unaona nini hapa? Mimi naona mvua." Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Akashukuru, akamvalisha mtoto viatu, wakaondoka, bibi nyuma yao na kifurushi chake kichwani.

Walirudi kabla mwezi haujaisha. Mmoja wa wale watoto wa dada yake dereva alikuwa ametoka shule na mafua, makamasi ya kawaida tu. Yeye alipona, akarudi kwenye mpira wake. Mheshimiwa hakukohoa sana wala hakupata joto. Alinyamaza, akakataa kula, na asubuhi bibi akamshika akamkuta wa baridi. Alipofikishwa kwetu alikuwa bado hai. Daktari alifungua koti lake akamweka ndani, kifua kwa kifua, ili ampe joto, huku wauguzi wakihangaika kutafuta mshipa. Akafia pale pale, kifuani kwa daktari.

Dereva alikuwa kwenye korido. Alipoambiwa hakulia kwanza. Alimgeukia yule bibi, akamkamata mabega, akamtikisa. "Umemlisha nini mwanangu? Homa hana, kuharisha hana, mtoto anakufaje hivi hivi? Sema, umemlisha nini?" Wauguzi wakawatenganisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo la kufutia jeli mkononi. Maneno yale nilikuwa nimeyasikia zamani, uani kwetu, nikiwa bado sijang'oka meno ya mbele.

Baba, nataka kuzungumza habari za Bonge.

Najua jina hilo halitajwi nyumbani. Mdogo wangu anachojua ni kwamba kabla yake alikuwepo kaka aliyekufa mdogo, na kwamba tulikuwa na shangazi aliyemtilia sumu. Hayo ndiyo tuliyokua nayo. Mama, Mungu amrehemu, alikwenda kaburini akiyaamini, na mimi pia niliyaamini mpaka siku ile ya korido.

Nakumbuka kiwanda cha magunia kilipofungwa. Ulikuwa msimamizi, ukivaa koti la bluu lenye kalamu mfukoni, na siku moja ulirudi nalo umelikunja kwapani. Nakumbuka ule uji, asubuhi na jioni, na Mama akiuongeza maji mpaka ukawa unaona chini ya bakuli. Nakumbuka ukituambia umeshakula huko ulikotoka, na hukuwa umekula popote. Hilo sijalisahau, na sitaki wewe ulisahau unaposoma haya mengine.

Bonge alikuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Alikonda, kisha akaanza kujaa. Mashavu yakajaa, miguu ikajaa, macho yakawa madogo kama ya mtu aliyetoka usingizini. Hapo ndipo alipopewa jina. Majirani walisema, tazama nyumba ya msimamizi, kazi haipo lakini mtoto ananawiri. Ulilipenda jina lile. Ulikuwa ukimwita kwa sauti ili watu wasikie. Ni shangazi peke yake, dada yako, aliyekuwa akikaa kile chumba cha uani, aliyesema mtoto huyu hajanenepa, amevimba. Alisema apelekwe zahanati, kwamba wanatoa maziwa na chakula kwa watoto wa namna ile. Ulikataa. Ulisema hutapanga foleni na watu uliokuwa ukiwapangia zamu. Mlirushiana maneno mpaka Mama akatutoa nje.

Kisha ikaja jioni ile shangazi aliporudi kutoka kufua nguo za watu, ana maziwa kwenye chupa. Aliyachemsha, akamnywesha Bonge kikombe kizima. Asubuhi Bonge alikuwa amekufa. Hakuwa na homa, hakutapika, hakuharisha. Alikuwa wa baridi tu na mashavu yake yale yamejaa. Mama akamwuliza wifi yake amempa nini mtoto. Wewe ukalidaka neno lile, Baba. Ukasema ana kijicho kwa kuwa yeye hakujaliwa kuzaa. Ukazitupa nguo zake uani mbele ya mtaa mzima. Naye hakujitetea hata kwa neno moja. Aliziokota, akazikunja, akaondoka. Ulituambia kimya kile ndicho ushahidi, kwamba angekuwa hana hatia angepiga kelele.

Siku Mheshimiwa alipokufa, nilimfuata daktari kwenye chumba chake nikamsimulia yote. Alinisikiliza bila kutafuna karanga, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema hawezi kusema lolote kwa kumbukumbu za mtoto mdogo kama nilivyokuwa. Angetaka kuzungumza na mtu mzima aliyemshika Bonge siku zile. Mama hayupo. Wewe nisingethubutu. Akabaki mmoja.

Nilikwenda mtaa wetu wa zamani kwa yule fundi viatu, ambaye unajua habari za watu wote anazo yeye. Aliniambia shangazi hakwenda mbali sana, kwamba kwa muda wote huu amekuwa mfuaji kwenye shule ya bweni. Nikaenda. Mama mlezi wa shule alinipokea vizuri, akanisifia shangazi kwa uchapakazi, ila akasema ana ukaidi mmoja: jikoni hakanyagi. Hata wapishi wakiumwa, hata akiombwa tu awagawie watoto uji uliokwisha kupikwa, anakataa, na ukimlazimisha anaondoka. Walishazoea, wakamwacha na mashuka yake.

Nilimkuta anaanika. Amezeeka, Baba, mikono imechakaa kwa sabuni, lakini mgongo umenyooka kama wako. Alinitambua kabla sijasema jina. Alishika kamba ya nguo kwa mkono mmoja akaniuliza, "Kaka yangu amekufa?" Alifikiri hakuna kingine kinachoweza kunipeleka kwake. Nikamwambia upo, unaumwa mguu na ubishi. Akacheka kidogo, kisha akakaa juu ya beseni lililofunikwa, na mimi nikakaa chini.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba sisi tulimdhulumu. Nilikuwa hata nimeyapanga maneno. Sikupata nafasi. Nilipotaja tu jina la Bonge alinikatiza, akasema kwamba alikuwa akiingojea siku mmoja wetu atakapokuja kumwuliza, na kwamba hatanidanganya. Akaniambia kwamba alimuua kweli.

Nakuandikia kama alivyonieleza. Yale maziwa alipewa kwenye nyumba aliyokuwa akifua, na yalikuwa yamelala. Alipoyachemsha alisikia harufu kidogo, si ya kuchacha kabisa, harufu ya wasiwasi. Alisimama nayo jikoni akifikiri ayamwage. Lakini Bonge alikuwa amekaa pale sakafuni anamtazama, na alikuwa na siku nyingi hajatazama kitu chochote kwa hamu. Akampa. Asubuhi alipomkuta vile, hakuhitaji wewe umwambie. Alijua. Alikusanya nguo zake kwa kuwa aliona unasema kweli, ila umekosea sababu tu. Miaka yote hii, Baba, umemhesabu muuaji, na yeye amejihesabu hivyo hivyo, na hajampa mtoto wa mtu chakula tena.

Nilimwombea ruhusa kwa mama mlezi, nikaja naye mpaka wodini. Daktari alimkalisha, akamwuliza maswali kwa utaratibu, bila kumsukuma. Miguu ilikuwa imevimba? Ndiyo. Ukiibonyeza kwa kidole, shimo linabaki? Linabaki. Nywele je? Zilikuwa zimegeuka rangi, nyekundu nyekundu, ukizishika zinatoka. Ngozi? Ilikuwa inabanduka mapajani. Alicheza siku za mwisho? Hakucheza. Alikuwa wa moto au wa baridi siku ile kabla ya maziwa? Shangazi akafikiri sana, akasema alikuwa wa baridi, kwamba alimfunika na kitenge chake kabla hajayachemsha. Baada ya kunywa alitapika? Hapana. Aliharisha? Hapana.

Daktari akamwambia kwamba hawezi kuapa, kwa kuwa hakuwepo. Lakini maziwa mabovu yana fujo zake, naye mtoto yule hakuonyesha fujo yoyote. Akasema kwa yote aliyoyasikia, Bonge alikuwa anaondoka kabla kikombe hakijamfikia. Kifua chake hakikuwa na mlinzi hata mmoja. Kijidudu chochote kilichopita mtaani kwetu wiki ile kingemtosha. Akasema pia, na hapa alisimama akaenda dirishani, kwamba katika nyumba ile alikuwepo mtu mmoja tu aliyekuwa anajaribu kumtibu.

Nilidhani shangazi atalia. Hakulia. Aliniomba nimwonyeshe. Tukaingia chumbani kwangu, na muuguzi mmoja akatuazima mwanawe mwenye afya, kitoto cha fujo kilichotaka kula jeli yangu. Nikamwonyesha shangazi tezi ilivyo kubwa, inavyosogea moyo ukipiga. Kisha nikamwonyesha ya mgonjwa. Alisimama pale akitazama huku na huku. Baadaye akakunja kitambaa chake cha kichwa, akakifunga upya kwa nguvu, akasema, "Kwa hiyo kaka yangu alinifukuza bure." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa amekasirika, Baba. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kukasirika tangu siku ile ya uani, kwa sababu zamani hakujiona ana haki hiyo.

Tangu hapo yupo kwangu. Amechukua likizo shuleni. Jana aliniuliza chumvi inakaa wapi, nikamwonyesha, nikatoka haraka asinione uso.

Sasa nimebakiwa na jambo moja, na ndilo lililonipa shida kuliko yote.

Kila mtoto anapoletwa wodini, daktari anamshika mguu na kuubonyeza kwa kidole gumba, anahesabu kimyakimya, kisha anaachia na kutazama kama shimo limebaki. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya vile nilishtuka na sikujua kwa nini. Nilijua baada ya korido. Kitendo kile nilikuwa nimekiona nyumbani, siku ambayo wewe na shangazi mligombana. Alikuwa amekubonyezea mguu wa Bonge mbele yako, akakuonyesha shimo, na wewe ukasema hayo ndiyo mafuta yenyewe. Kila mtu akatoka. Mimi nilirudi kuchukua ndala zangu, nikakuona kupitia upenyo wa mlango. Ulikuwa umepiga magoti kando ya mkeka. Ulimshika mguu ule ule, ukabonyeza kwa kidole gumba chako, ukaachia, ukangoja. Ukabonyeza tena mahali pengine. Kisha ukamfunika miguu kwa shuka, ukakaa vile, mkono juu ya shuka, kwa muda mrefu.

Ulijua, Baba. Sisemi ulijua habari za tezi na askari, hizo hata mimi nimezijua juzi. Ila ulijua kwamba hakuwa amenenepa. Na asubuhi ile Mama alipouliza swali lake, wewe peke yako ndiye uliyekuwa na jibu jingine.

Sikuandikii haya ili nikuhukumu. Nimewaona wazazi wengi kitandani kwangu, nimeona aibu inavyoweza kumfunga mtu mikono hata mwanawe akiwa mbele yake. Nakuandikia kwa sababu shangazi hajui. Anafikiri ulikosea kwa kutojua. Sikumwambia, na sitamwambia. Hilo ni lako, ulitoe kwa mdomo wako au ufe nalo. Mimi ningependa ulitoe.

Tutakuja Jumamosi ijayo, yeye na mimi, kwa basi la asubuhi. Nakuomba umweleze mdogo wangu ukweli kabla hatujafika, ili asimpokee shangazi yake kama muuaji. Ukiona huwezi, funga mlango, sisi tutakaa barazani mpaka ufungue. Nimemwonya shangazi kwamba unaweza kutufungia. Amesema anakujua kuliko ninavyokujua mimi, na kwamba njaa ya mchana itakutoa.

Nisalimie mkwe wako na mwambie nitamletea kile kitambaa alichokiomba. Nisalimie mafundi wa ukuta, na uwaombe radhi kwa niaba yangu. Vidonge umeze, nakusihi. Nikifika nitakupima presha mwenyewe.

Nilipotaka kufunga barua hii nilimwuliza shangazi kama ana salamu za kukutumia. Amesema salamu atazileta mwenyewe.

Wako akupendaye,

Binti yako mkubwa